Tuzo zetu zinampata anayejua kujiombea: barua ya wazi kwa uongozi wa chuo

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Wajumbe wa Baraza la Chuo,
Kamati ya Tuzo za Watumishi.

YAH: UTARATIBU WA KUWATAMBUA WATUMISHI BORA

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo na waheshimiwa wajumbe,

Tangazo la tuzo za watumishi bora limebandikwa tena. Lina picha ya washindi waliopita wakiwa wameshika ngao, lina tarehe ya mwisho ya kurejesha fomu, na chini kabisa lina ile sentensi ya kila mwaka inayowahimiza watumishi wote kuomba. Sina kinyongo na waliokwisha kushinda. Wengi wao ni wenzangu, najua walivyohangaika, na ngao zao wamezitolea jasho. Shida yangu ni utaratibu unaosubiri watu wajilete wenyewe, kisha unashangaa kwa nini kila mwaka wanajileta walewale.

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya tuzo ya kitivo, kwa hiyo ninayoyasema sikuyaokota kwenye korido. Fomu ina kurasa tano. Ya kwanza ni ya jina, cheo na tarehe ya kuajiriwa. Ya pili inataka idadi ya makala ulizochapisha katika majarida yanayotambulika. Ya tatu inataka fedha za ruzuku ulizoleta chuoni, na ya nne mialiko na makongamano ya nje. Ya tano ni ya saini ya mkuu wa idara, na juu ya saini hiyo pana mistari minne yenye kichwa "Mchango mwingine". Fundi sanifu wa maabara, mkutubi, karani wa masijala, mtu wa TEHAMA, dereva, katibu muhtasi, mratibu wa mitihani: wote hao inabidi waenee kwenye mistari hiyo minne. Baadhi yao huandika "haihusiki" kwenye kurasa tatu za katikati na kuirudisha. Walio wengi hawaichukui kabisa.

Niwasimulie kazi ya mmoja wao, maana tukizungumza kwa ujumla jumla mtaniitikia kwa kichwa na mambo yataishia hapo.

Kitivo chetu kina mratibu wa mitihani. Si mwanataaluma na hana makala hata moja. Kila muhula anapanga ratiba ya wanafunzi wanaochukua masomo katika idara tofauti tofauti, na anaipanga hivi kwamba hakuna anayejikuta ana mitihani miwili saa moja. Anatafuta wasimamizi, anahesabu bahasha, anahakikisha mwanafunzi asiyeona amepata karatasi yake ya nukta nundu na muda wake wa ziada. Lakini kazi yake hasa huanza wakati sisi walimu tunadhani kazi imekwisha. Orodha za alama zikishaingia ofisini, anaweka rula chini ya mstari wa kwanza na kuteremka nayo namba kwa namba, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye kompyuta. Halafu anavuta vitabu vichache vya majibu kutoka kila bunda, anafungua ukurasa wa mbele, na kulinganisha alama iliyoandikwa na mwalimu kwa kalamu nyekundu na ile iliyoko kwenye orodha. Hakuna kanuni inayomtaka afanye hivyo. Ni utaratibu aliojiwekea.

Muhula mmoja, asubuhi ya kikao cha bodi ya mitihani, alikuta vitabu vya somo moja havioani na orodha. Akavuta vingine, navyo havioani. Kumbe kuna mtu alipanga majina upya kwa alfabeti kwenye kompyuta na kusahau kuivuta safu ya alama iende pamoja nayo. Karibu kila mwanafunzi wa darasa lile alikuwa amebeba alama za mwenzake. Wastani wa darasa ulikuwa uleule, idadi ya waliofaulu ilikuwa ileile, ndiyo maana mwalimu alisaini, mkuu wa idara akasaini, na hakuna aliyeshtuka. Mratibu alimpigia simu mwalimu, orodha ikarekebishwa, kikao kikachelewa kidogo. Muhtasari wa kikao unasema matokeo ya somo hilo yalipitishwa. Basi.

Sasa mwambieni ajaze fomu. Ataandika nini kwenye mistari minne? Kwamba mwaka huu wanafunzi hawakupewa alama za watu wengine?

Sehemu kubwa ya kazi inayokibeba chuo iko namna hii: ikifanywa vizuri haionekani, na siku inapoonekana ujue imeharibika. Fundi sanifu anayeamka usiku umeme ukikatika kwenda kuhakikisha jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri linashikilia baridi, ili sampuli zilizokusanywa kwa miaka zisiyeyuke, asubuhi hana cha kuonyesha. Sampuli zipo, kama zilivyokuwepo jana. Anayezitumia ataandika makala, makala itaingia kwenye ukurasa wa pili wa fomu, na fundi sanifu, akibahatika, atatajwa kwenye shukrani pamoja na waliosoma rasimu.

Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton wa Chuo Kikuu cha Columbia alichapisha katika jarida la Science makala kuhusu jinsi sifa zinavyogawanywa miongoni mwa wanasayansi. Alionyesha kwamba watu wawili wakifanya kazi inayolingana, sifa humwendea yule ambaye tayari ana jina. Hali hiyo akaipa jina la Mathayo, kwa ajili ya ile aya ya Injili inayosema mwenye kitu ataongezewa na asiye nacho atanyang'anywa hata alicho nacho. Kilichonifurahisha zaidi kuliko makala yenyewe ni kilichofuata. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwenye mahojiano yaliyofanywa na Harriet Zuckerman, mtafiti aliyekuwa amewahoji washindi wa Tuzo ya Nobel. Makala ilitoka kwa jina la Merton peke yake. Mwaka 1973, ilipochapishwa tena kitabuni, Merton mwenyewe aliandika kwamba kwa kiasi alichotegemea kazi ya Zuckerman, ilipasa itoke kwa majina yao wote wawili. Yaani hata mtu anayeandika kuhusu sifa kwenda kusikostahili hakuona, kwa miaka mitano, kwamba ndicho alichokuwa anakifanya. Sasa kamati yenye wajumbe saba, fomu 60 na alasiri moja tuitarajie ione nini?

Kuna mtakaonijibu kwamba mlango uko wazi, anayestahili aombe. Jibu hilo nimelisikia kwenye kamati mara nyingi, na kila mara linatolewa na mtu aliyewahi kushinda. Donna Strickland alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018, mwanamke wa tatu kuipata baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963, alikuwa bado profesa mshiriki katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Watu waliuliza ilikuwaje mtu wa kiwango hicho asiwe profesa kamili. Akajibu kwamba hakuwahi kuomba. Chuo hakikumkatalia chochote, mlango ulikuwa wazi kama wetu. Kazi iliyompa tuzo ilikuwa ya mwaka 1985, na kwa miaka yote hiyo utaratibu ulikuwa unamsubiri ajaze fomu. Ikiwa mwanafizikia wa Nobel hakujiombea, kwa nini tunamtegemea karani wa masijala ajiombee, tena mahali ambapo kujisifu mbele ya wakubwa huonekana utovu wa adabu?

Na upo upande mwingine mbaya zaidi, wa mtu ambaye kila aliye karibu naye anaijua kazi yake ila daftari la ajira haliijui. Vivien Thomas aliajiriwa mwaka 1930 katika maabara ya daktari wa upasuaji Alfred Blalock, Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani. Alikuwa kijana mweusi, fundi seremala, na akiba aliyojiwekea kwa ajili ya masomo ilipotea benki zilipoanguka. Kwenye orodha ya mishahara aliwekwa kama mfagizi, huku akifanya utafiti wa upasuaji. Mwaka 1941 alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na Blalock. Huko ndiye aliyeifanyia majaribio kwa wanyama, na kuinyoosha hatua kwa hatua, njia ya kuwatibu watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo inayowafanya wawe na rangi ya bluu. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alipomfanyia mtoto upasuaji huo kwa mara ya kwanza, Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega lake akimwelekeza, kwa sababu ndiye aliyeujua vizuri kuliko mtu yeyote chumbani. Makala iliyotangaza mafanikio hayo mwaka uliofuata iliandikwa na Blalock na daktari wa moyo wa watoto Helen Taussig, na jina la Thomas halimo. Chuo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Hadithi hii hupenda kusimuliwa kwa furaha ya mwisho wake. Mimi naona ile miaka 30. Madaktari aliowafundisha kushika kisu walikuwa wakipanda vyeo mbele ya macho yake, na wote walijua wamejifunza kwa nani. Ujuzi wa kumtambua ulikuwepo chumbani siku ileile ya Novemba. Kilichokosekana ni ngazi ya cheo na safu ya fomu ambayo mtu kama yeye angeingia.

Nataka kuwa wa haki: kupima kwa idadi ya makala kulianzishwa kwa nia njema, ili wakubwa wasiwape watu vyeo kwa kujuana. Lakini hata wanasayansi wenyewe wamekwisha kuuchoka mtindo huo. Azimio lililoandaliwa San Francisco mwishoni mwa mwaka 2012 linawataka waajiri na wafadhili waache kumpima mtafiti kwa umaarufu wa jarida alimochapisha, na waisome kazi yenyewe. Vyuo vingi duniani vimelitia saini. Na kama mnadhani kipimo cha ruzuku na machapisho kinawalinda walau wanataaluma, kumbukeni ya mwanabiokemia Katalin Karikó. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo kwa sababu utafiti wake haukuwa ukileta ruzuku. Aliendelea nao. Mwaka 2023 yeye na mtafiti mwenzake Drew Weissman walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti huohuo, ulioziwezesha chanjo za korona za mRNA. Wakati huo alikuwa amekwisha kukiacha chuo hicho, kwa kuwa mwaka 2013 alihamia kampuni ya dawa ya BioNTech.

Sasa ninachoomba.

Kwanza kabisa, Kamati iondoke ukumbini iende kutafuta. Kila kitengo kitembelewe na wajumbe wawili wasio wa kitengo hicho, na waulizwe wale wanaotegemea kazi ya wengine. Wanafunzi waulizwe: mambo yakikwama, mnakimbilia kwa nani? Mwalimu mpya aulizwe nani alimshika mkono muhula wa kwanza. Mafundi waulizwe kuhusu wahadhiri, na wahadhiri kuhusu mafundi. Majina yataanza kujirudia haraka kuliko mnavyofikiri. Katika kitivo chetu ningeweka dau kwamba kufikia saa sita mchana mngekuwa mmelisikia jina la mratibu wa mitihani hadi mkalichoka. Mtu akitajwa na watu wasiojuana, Kamati ndiyo imjazie fomu. Yeye aombwe ridhaa tu, maana wapo wasiotaka kusimamishwa jukwaani, na hilo nalo liheshimiwe.

Najua swali litakalokuja: hayo ya kusikia kwa watu tutayapimaje? Kwa njia ileile tunayotumia kumpandisha mtu kuwa profesa. Tunaandikia wataalamu wa nje, wanatuletea barua, tunazisoma na kupima uzito wake. Ushahidi wa watu wanaoijua kazi umekuwa msingi wa vyeo vyetu vya juu siku zote. Sioni kwa nini ukifika kwa mkutubi ugeuke kuwa umbea.

Pili, fomu moja kwa kila mtu ivunjwe. Kila kada iwe na vigezo vyake, na vigezo hivyo viandikwe na watu wa kada hiyo. Hapa tahadhari moja: msifungue tuzo ya "watumishi waendeshaji" iliyo ndogo kuliko ile ya wanataaluma, yenye ngao nyembamba na inayotolewa mwanzoni mwa hafla wakati wageni bado wanatafuta viti. Hiyo ni bora isiwepo.

Tatu, na hili linawahusu zaidi Seneti na Kurugenzi ya Utafiti, mchango uandikwe pale kazi inapochapishwa. Upo mfumo unaoitwa CRediT, uliokubaliwa rasmi kuwa kiwango mwaka 2022, unaotaja aina 14 za mchango katika makala ya utafiti: aliyebuni wazo, aliyekusanya data, aliyezitunza, aliyeandika programu, aliyesimamia mradi, aliyetafuta vifaa, na wengineo. Majarida mengi yanautumia. Chuo kikiamua kwamba kila makala inayotoka hapa na kila ripoti ya ruzuku iwe na maelezo hayo, na kwamba fundi aliyetengeneza njia ya kipimo anastahili kuandikwa kama mwandishi mwenza, tutakuwa tumewatambua watu mwaka mzima bila kukodi ukumbi. Uingereza tangu 2017 vyuo na taasisi za utafiti zimekuwa zikitia saini ahadi maalumu kwa mafundi wao, wakiwemo wa maabara: waonekane, watambuliwe, wawe na njia ya kupanda ngazi, na ujuzi wao usipotee wakistaafu. Ahadi hiyo ina mpango kazi unaofuatiliwa. Kuiga hakutatugharimu sana.

Nne ni tuzo yenyewe. Ngao ni nzuri, na hundi hakuna anayeikataa. Ila muulizeni fundi aliyekaa kwenye daraja lilelile tangu alipoajiriwa, kwa kuwa muundo wa utumishi hauna ngazi ya juu yake, kama angependa ngao. Atawaambia anataka ngazi. Aliye kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja anataka barua ya ajira ya kudumu. Wapo wanaotaka kozi ya miezi mitatu, na wapo wanaotaka msaidizi tu, maana uhodari wao umewaletea kazi za watu watatu na pongezi za mtu mmoja. Mshindi aulizwe, na Kamati iwe na mamlaka ya kupendekeza kitu kinachobaki kwenye faili la utumishi na kuhesabiwa siku ya kupandishwa cheo. Cheti kisichohesabiwa popote kinaishia ukutani.

Kuhusu hafla nitasema kidogo: fupisheni hotuba, ongezeni maelezo. Kila mshindi asomewe alichokifanya, kwa mambo mahususi, na maelezo hayo yachapishwe. Hiyo pekee itapunguza ule mchezo, ambao sote tunaujua, wa tuzo kwenda kwa zamu: mwaka huu idara hii, mwakani ile, ili asinung'unike mtu. Ni vigumu kuandika aya mbili za kazi ya mtu ambaye sifa yake ni kwamba zamu ya idara yake imefika.

Lipo jambo ambalo sijui kama Baraza litalipenda. Wanaofagia maabara zetu na wanaolinda mageti usiku ni watu wa kampuni za zabuni, si watumishi wa chuo kwenye makaratasi, na kwa sababu hiyo tuzo haziwahusu. Wengine wamekuwa hapa muda mrefu kuliko wahadhiri wengi. Mlinzi anayejua taa ya maabara ipi si ya kuwaka saa tisa usiku anakilinda chuo, hailindi kampuni. Kama sheria ya ajira inazuia kuwapa tuzo ya watumishi, itafutwe njia nyingine, na mkataba wa zabuni ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mwisho niseme wazi kwamba siombi bajeti mpya kwa mwaka huu. Ninaomba tarehe ya mwisho ya fomu isogezwe mbele kwa mwezi mmoja, zile kurasa tatu za katikati ziwe za wanataaluma peke yao, na mwezi huo utumike kwa wajumbe kuvitembelea vitengo. Kitivo chetu kiko tayari kuwa cha kwanza. Nimekwisha kuzungumza na wakuu wa idara wawili, na mmoja ameshataja majina kabla sijamaliza kumweleza. Naomba pia Kamati itoe jibu kwa maandishi na kulibandika palepale lilipo tangazo la tuzo, ili hata wasiofika kwenye vikao walisome.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri Mwandamizi,
aliyewahi kuwa mjumbe wa kamati ya tuzo ya kitivo